Wamisionere Waprotestanti na habari ya mpira katika Kongo ya zamani

Katika masomo ya historia ya Eklezya, habari za Waprotestanti kwa kawaida huanzia Wittenberg mwaka 1517, hupita Geneva na Uingereza, halafu zinaishia katika Mtaguso wa Trento. Inatosha kwa mwanafunzi anayejitayarisha kwa mtihani. Lakini sisi watu wa Kongo tunayo historia nyingine ya Waprotestanti iliyo karibu nasi zaidi. Ilipita kando ya mito yetu, na wazee wetu ndio walioiona kwa macho. Twataka kusema juu ya sehemu moja tu ya historia hiyo, ndiyo namna wamisionere wa Kiprotestanti walivyotangaza mbele ya ulimwengu mateso ya mpira wakati wa mfalme Leopold II, na namna jambo lile lilivyogeuza serikali ya nchi, na shule zetu, na hata mazoea yetu sisi Wakristo kati yetu.

Twauliza swali moja, nalo si tamu kwa Mkatoliki. Mwaka 1900 mapadri walikuwako Kongo kama wachungaji walivyokuwako. Mapadri wa Scheut walifika 1888, Wajezuiti 1893, na Mapadri Weupe walikuwa kando ya Tanganika hata mbele ya hapo. Kwa nini basi ushuhuda mkubwa ulitoka vinywani mwa Waprotestanti? Wengine hujibu upesi: kwa sababu walikuwa Waingereza, na Waingereza waliitamani Kongo. Wengine hujibu upesi vilevile: kwa sababu walikuwa na moyo mwema kuliko mapadri. Majibu yote mawili ni mepesi mno. Afadhali tuyatazame mambo yenyewe.

Mwaka 1878 George Grenfell na Thomas Comber, watu wa Baptist Missionary Society ya London, walifika Kongo ya chini. Mwaka huohuo wenzao wa Livingstone Inland Mission walianza kazi pale Palabala. Leta ya Leopold ilikuwa haijazaliwa bado. Ilipozaliwa mwaka 1885, mataifa yaliyokutana Berlin yalikuwa yameandika katika mkataba wao, fungu la 6, kwamba wamisionere wa dini zote watalindwa bila ubaguzi. Msomaji alikumbuke fungu hilo, kwa maana tutalirudia.

Wale Waprotestanti wa kwanza walikuja na vitu viwili vilivyowafaa sana baadaye. Cha kwanza ni mashua ya moshi. Mashua ya Grenfell, iliyoitwa Peace, ilibebwa vipande vipande vichwani mwa wapagazi kutoka Kongo ya chini, kupita milima yote ile, mpaka Stanley Pool, ikaunganishwa pale na kuanza safari mwaka 1884. (Jina la Grenfell limo katika kila kitabu. Majina ya wapagazi hayamo.) Kwa mashua hizo waliweza kwenda na kurudi mitoni, na kupeleka barua zao, bila kuomba nafasi katika mashua za Leta. Jambo hilo laonekana dogo. Lakini mtu asiye na mashua yake, barua zake hupita mkononi mwa mwingine.

Cha pili ni lugha. Waprotestanti hufundisha kwamba kila Mkristo lazima asome mwenyewe Maandiko Matakatifu. Kwa hiyo, kila mahali walipofika, kazi yao ya kwanza ilikuwa kujifunza maneno ya wenyeji, kuyaandika, kuyapanga katika kamusi, kiisha kutafsiri Injili. Holman Bentley alipiga chapa kamusi ya Kikongo mwaka 1887, na Agano Jipya mwaka 1893. Huko Kasai William Morrison alitoa sarufi na kamusi ya Tshiluba mwaka 1906. Mtu anayetunga kamusi hawezi kukaa barazani kwake akiwaita watumishi tu. Lazima aulize mvuvi, aulize mfinyanzi, aulize mama anayetwanga, na watoto wamcheke akikosea. Nyuma ya miaka mitano au kumi ya kazi ya namna hiyo, watu wakija usiku wakilia, anafahamu wanayosema bila kumwita mkalimani. Mzungu wa Leta alikuja kwa miaka mitatu, akasikia tu yale ambayo kapita wake alipenda asikie.

Mapadri nao waliandika lugha zetu, tena wengine kwa ufundi mkubwa. Tofauti ilikuwa katika mpango wa kazi. Wakati ule mapadri wengi walikusanya watoto, hasa yatima na waliokombolewa katika utumwa, wakawalea ndani ya misioni, mbali na vijiji. Leta yenyewe iliwakabidhi watoto katika makoloni ya shule kwa sheria ya mwaka 1890, na Wajezuiti wa Kwango walikuwa na mashamba yao yenye kanisa dogo, waliyoyaita fermes-chapelles. Kwa mpango ule walizaliwa Wakristo imara na mafundi wa kila kazi. Lakini mtoto aliyelelewa ndani ya misioni hakuleta tena habari za kijijini kwao. Twaona kwamba jambo hilo, kuliko wema au ubaya wa mioyo, laeleza sehemu ya swali letu.

Sasa tuje kwenye mpira wenyewe. Mwaka 1891 Leta ilijiwekea pembe na mpira wa sehemu kubwa ya nchi kuwa mali yake, kwa kusema kwamba msitu usiolimwa hauna mwenyewe. Mwaka 1892 ilianza kugawa misitu mikubwa kwa makompani. Kompani moja, ABIR, ilipewa bonde la mto Lopori na mto Maringa, nchi ya Wamongo. Watu walilazimishwa kwenda msituni kukata kamba za porini zenye utomvu, kuukausha, na kuuleta kwa kupimwa. Katika nchi ya ABIR kila mwanaume alidaiwa karibu kilo tatu au nne za mpira mkavu kila nyuma ya majuma mawili. Kamba za karibu zilipokwisha, walikwenda mbali zaidi, wakalala msituni siku nyingi, na mashamba yakabaki bila kulimwa. Wake zao waliwekwa rehani katika nyumba ya kifungo mpaka mpira ufike. Katika kila kijiji walikaa walinzi wenye bunduki. Na kwa kuwa wakubwa waliogopa asikari wasipoteze risasi kwa kuwinda nyama, walitaka alama ya kuonyesha kwamba kila risasi iliua mtu: mkono wa kuume wa maiti. Asikari aliyekosa shabaha, au aliyeua nyani, alitafuta mkono kwa mtu mzima aliye hai. Hayo yanajulikana kwa wote. Hatutayarudia zaidi ya lazima.

Yafaa kusema wazi kwamba Waprotestanti nao walinyamaza kwanza. Miaka mingi walimsifu mfalme. Walihitaji viwanja vya kujenga, na viwanja vilitolewa na Leta. Walihitaji amani mitoni, nayo Leta ilisema kwamba inaleta amani na kuwafukuza wafanya biashara ya watumwa. Grenfell mwenyewe alipokea nishani ya mfalme. Hata mwezi wa Januari 1903 wakubwa wa Baptist Missionary Society walikwenda Brussels kumshukuru Leopold kwa kupunguziwa kodi. Waliokuwa wakiona mambo msituni walikuwa wadogo wa cheo, na wakubwa wao huko Ulaya waliwaambia wavumilie, waongee na maofisa taratibu, wasiandike katika magazeti.

Mtu wa kwanza aliyeandika waziwazi hakuwa hata mmisionere. Ni George Washington Williams, mtu mweusi wa Amerika, aliyekuwa asikari, kiisha mchungaji wa Wabaptisti, kiisha mwandishi wa historia. Alipanda mto Kongo mwaka 1890. Alipofika Stanley Falls, mji tunaouita leo Kisangani, aliandika barua ya wazi kwa mfalme Leopold, mwezi wa Julai, akimhesabia makosa ya Leta moja kwa moja. Mwaka uliofuata alifariki Uingereza, naye hajafika miaka 42. Barua yake ilisahauliwa upesi, na wenye Leta walifurahi.

Nyuma yake akaja Edvard Sjöblom, Mswedi, mmisionere wa Wabaptisti wa Amerika katika nchi ya Ekwatoria. Mwaka 1895 alikuwa akihubiri katika kijiji kimoja, na watu wameketi mbele yake, asikari akaingia, akamshika mzee mmoja kwa kosa la kukosa mpira, akampiga risasi palepale. Sjöblom akawaandikia wakubwa wa Leta. Alipoona hawasikii, akaandika katika magazeti ya kwao, naye akatishwa kifungo. Novemba ya mwaka huohuo mwenzake J. B. Murphy aliongea na gazeti la Times la London. Leopold akajibu kwa werevu. Mwaka 1896 aliunda Komisioni ya kuwalinda wenyeji, akaweka ndani yake wamisionere sita, Wakatoliki watatu na Waprotestanti watatu. Grenfell na Bentley walikuwamo, na Monsinyori Van Ronslé pia. Ulaya ikatulia. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyekaa katika nchi ya mpira, na makao yao yalikuwa mbalimbali, mwendo wa siku nyingi kati ya mmoja na mwingine. Komisioni ilikutana mara chache sana, na kifo chake hakikupigiwa kengele.

Twapenda kukaa kidogo na mtu mwingine, kwa sababu habari zake zinatugusa kwa namna ya pekee. William Henry Sheppard alizaliwa Virginia mwaka 1865, mwaka ule utumwa ulipokwisha Amerika. Mababu zake walitoka Afrika kwa nguvu, yeye akarudi kwa hiari. Wapresbiteri wa Amerika ya kusini hawakukubali kumtuma mtu mweusi peke yake. Walingoja mpaka apatikane mzungu wa kwenda naye, kijana Samuel Lapsley. Wote wawili walianza misioni ya Luebo, Kasai, mwaka 1891. Mwaka uliofuata Lapsley akafa kwa homa, na Sheppard akabaki. Mwaka huohuo wa 1892 aliingia mji wa mfalme wa Wakuba, mji ambao wageni walikatazwa kuukaribia. Alijua lugha, akafuata njia za wauza pembe kutoka soko mpaka soko, na Wakuba walisema kwamba yeye ni mtu wa ukoo wa kifalme aliyekufa zamani na kurudi. Alikusanya sanaa zao, vikombe vya mti, visu, na nguo za majani ya mwale, akazipeleka Hampton, shule aliyosomea. Vitu hivyo viko huko mpaka leo.

Mwaka 1899 Leta iliwatuma Wazappo-Zap kudai kodi katika nchi ya Wapianga, upande wa Wakuba. Hao ni watu wa Nsapo Nsapo, jamaa ya Wasonge, waliokuwa zamani wakifanya biashara ya watumwa na wafanya biashara wa upande wa mashariki, kiisha wakawa mkono wa Leta. Habari za mauaji zilipofika Luebo, misioni ilimwambia Sheppard aende akaone. Alikwenda kwa hofu, na watu wachache. Mkubwa wa wale wapiganaji alimjua, akampokea vizuri, na kwa majivuno akamwonyesha kila kitu. Juu ya moto mdogo wa moshi Sheppard alikuta mikono ikikaushwa. Aliihesabu. Ilikuwa mikono 81 ya kuume. Akaandika hesabu katika daftari, pamoja na siku na majina, akarudi, na barua ikaenda Ulaya na Amerika.

Yafaa waseminari waangalie kile alichofanya. Hakuandika kwanza maneno makali juu ya mfalme. Alihesabu. Wenye Leta waliweza kusema kwamba mchungaji fulani ana chuki, au ni Mwingereza, au ni mweusi mwenye uchungu wa moyo. Lakini 81 ni 81.

Habari ikaendelea. Mwaka 1903 Roger Casement, konsula wa Uingereza, alipanda mto kwa miezi michache ili aone mwenyewe. Hakutaka kusafiri katika mashua ya Leta. Alikodi Henry Reed, mashua ya wamisionere wa Amerika, akalala katika misioni za Kiprotestanti, na wamisionere ndio waliomkalimania. Taarifa yake ilitoka Februari 1904. Mwezi uliofuata E. D. Morel, karani wa zamani wa kompani ya merikebu, alianza pamoja na wenzake chama cha kudai Kongo itengenezwe, Congo Reform Association. (Casement alikuwa amebatizwa kwa siri katika Eklezya Katolika na mama yake alipokuwa mtoto. Aliingia waziwazi katika Eklezya mbele ya kunyongwa London, mwezi wa Agosti 1916, kwa ajili ya uhuru wa Ireland. Nyuzi za historia zafungana kwa namna isiyotazamiwa.)

Karibu na wakati huo, misioni ya Baringa, katika nchi ya ABIR, ilikuwa mikononi mwa John Harris na mke wake Alice, wa Congo Balolo Mission. Bibi Harris alikuwa na mashine ya foto. Tarehe 14 Mei 1904 alifika mtu mmoja, jina lake Nsala, wa kijiji cha Wala. Alikuwa amefunga kitu ndani ya jani. Alipofungua, palikuwa na mkono mmoja mdogo na mguu mmoja mdogo wa binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano, aliyeuawa na walinzi wa kompani. Bibi Harris alimwomba aketi barazani, akaweka mbele yake vile vilivyobaki vya mtoto wake, akapiga foto. Nsala hakumtazama aliyepiga. Anatazama chini.

Foto ile, na nyingine nyingi zilizofuata, zilizunguka Uingereza na Amerika. Harris na mke wake walirudi kwao, wakaenda kutoka kanisa mpaka kanisa na mashine ya taa inayoonyesha sanamu kubwa ukutani. Mwaka 1906 walipita Amerika katika miji karibu 50. Walioketi kutazama walikuwa waamini wa parokia ndogo, waliozoea kuona foto za watoto wa misioni waliovaa nguo safi. Wenye elimu wanasema kwamba hii ilikuwa mara ya kwanza au karibu ya kwanza ambapo foto zilitumika kwa mpango mkubwa namna hiyo kutetea watu walioonewa. Kila anayefungua gazeti leo na kuona sanamu za vita vya Kivu au vya Ituri anatembea, bila kujua, katika njia iliyofunguliwa pale Baringa.

Lakini tusimpe mpiga foto sifa yote. Nsala ndiye aliyetembea mpaka misioni. Leopold alipolazimishwa kutuma Komisioni ya uchunguzi, mazuzi watatu, Mbelgiji, Mwitalia na Mswisi, walifika Boma Oktoba 1904, wakapanda mpaka Baringa. Harris alikuwa amewaita watu waje kusema. Mbele ya mazuzi akasimama Lontulu, sultani mkubwa wa Bolima. Aliweka mezani vijiti 110. Kila kijiti, alisema, ni mtu wangu mmoja aliyekufa kwa ajili ya mpira. Akavigawa mafungu manne: wakubwa, vijana, wanawake, watoto. Akataja majina. Mtu yule hakujua kusoma, wala hakuwa Mprotestanti, lakini alihesabu kama Sheppard alivyohesabu. Mashahidi zaidi ya 300 walisema mbele ya Komisioni. Taarifa iliyotolewa Novemba 1905 ilikubali makosa makubwa, ingawa mazuzi walichaguliwa na mfalme mwenyewe. Maneno ya mashahidi yenyewe serikali haikuyapiga chapa. Yaliwekwa katika hifadhi ya Brussels, na wasomaji hawakufunguliwa mlango mpaka miaka ya 1980.

Je, na Wakatoliki? Wengi wa mapadri walikuwa Wabelgiji. Mwaka 1888, kwa kumwitikia mfalme, Roma iliwakabidhi Mapadri wa Scheut vikariati kubwa ya Kongo ili misioni iwe mikononi mwa Wabelgiji. Basi kumshitaki mfalme ilikuwa kwao kama kumshitaki baba wa nyumba mbele ya majirani, tena majirani wenye dini nyingine. Waliposikia mashitaka yakitoka Liverpool na London, waliona hila ya wafanya biashara. Hata Kardinali Gibbons wa Baltimore, mtu mwenye hekima kwa mambo mengine, mwaka 1904 alimtetea Leopold huko Amerika. Tena palikuwa na jambo la ardhi. Grenfell alitaka kujenga misioni moja nyuma ya nyingine kuelekea mashariki, mpaka akutane na Waingereza waliotoka Uganda. Leta ikamkatalia. Karibu na mwaka 1900 Waprotestanti waliomba viwanja na kunyimwa mara kwa mara. Aliyenyimwa hana tena cha kuogopa kupoteza, na ulimi wake ukafunguka. Aliyepewa alikuwa na kanisa, shule, shamba na mayatima mikononi, na vyote vilikuwa juu ya ardhi ya mfalme. Twafikiri hapo ndipo penye kiini cha jambo.

Hata hivyo hawakunyamaza wote. Mwaka 1906 Padri Arthur Vermeersch, Mjezuiti, mwalimu wa maadili huko Louvain, alipiga chapa kitabu juu ya shauri la Kongo. Aliipima sheria ya ardhi isiyo na mwenyewe, na kazi za kulazimishwa, kwa kanuni za haki zilezile anazosoma mseminari katika teolojia ya maadili. Akaziona zimepunguka. Wakubwa wengi hawakupendezwa. Lakini katika Bunge la Ubelgiji walioongozwa na Waprotestanti na wasosialisti peke yao wasingetosha. Ilihitajiwa Wakatoliki nao waone kwamba mtu aweza kumpenda mfalme na kukataa mambo yake. Tarehe 15 Novemba 1908 Kongo ikatoka mkononi mwa Leopold, ikawa koloni ya Ubelgiji.

Mwezi wa Januari wa mwaka ule Sheppard alikuwa ameandika katika gazeti dogo la misioni, Kasai Herald, juu ya umaskini ulioingia kwa Wakuba tangu makompani yalete mpira kwa lazima. Kompani ya Kasai ikamshitaki kwa kuchafua jina lake, yeye pamoja na Morrison. Shauri likaamuliwa Léopoldville mwaka 1909. Wakili wao alikuwa Émile Vandervelde, kiongozi wa wasosialisti wa Ubelgiji, mtu asiyekwenda kanisani hata la Waprotestanti, aliyesafiri mpaka Kongo bila kudai malipo ya kazi yake. Mashitaka ya Morrison yaliondolewa. Tarehe 4 Oktoba zuzi akasema kwamba Sheppard hana hatia, na kompani ikalipa gharama.

Leopold hakukubali kushindwa bila kulipiza. Mei 1906, moshi wa Komisioni ukiwa haujatulia, Leta ilifanya mapatano na Roma. Kila misioni Katolika itapata ardhi, hektari 100 au 200, bila kulipa, nayo itafungua shule, hasa za kilimo na kazi za mikono. Waprotestanti hawakuhesabiwa. Hapo fungu la 6 la Berlin lilibaki katika karatasi tu. Mwaka 1925 na 1926 koloni ikaendelea na njia hiyo: fedha za shule zilipewa misioni za taifa, maana yake za Wabelgiji, kwa hiyo karibu zote ni za Katolika. Mmisionere wa Kiprotestanti alipokea msaada kwa dawa za wagonjwa, lakini kwa mwalimu wake alitegemea sahani ya sadaka huko Amerika, Uswedi au Uingereza. Ni mwaka 1946 tu, chini ya ministri Robert Godding, mliberali, ambapo ilikubaliwa shule zao nazo zisaidiwe, na mpango ukaanza kutumika mwaka 1948.

Kwa njia hiyo, katika miaka 40 watoto wa ukoo mmoja walikwenda njia mbili. Huyu alisoma kwa padri, akajifunza Kifransa, akapata cheti kinachotambuliwa, akawa karani, au akaingia seminari. (Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongomani, aliyepata upadri Baudouinville mwaka 1917, ni mtoto wa mpango huo, na twajivuna naye.) Yule alisoma kwa mchungaji, akasoma Biblia yote kwa lugha ya mama yake, akaimba nyimbo kwa sauti nne, lakini cheti chake hakikumfungulia mlango wa ofisi. Kijijini walikatazwa kuoana na kuingia kanisa la mwingine, na wazee wetu waliitana kwa majina mabaya ambayo hatutayaandika hapa. Watu walifikiri kwamba ugomvi huo ulitoka Ulaya pamoja na Luther na Papa. Kwa sehemu kubwa ulitoka katika hesabu ya fedha na ardhi iliyofanywa Kongo, nyuma ya shauri la mpira. Mwaka 1964 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitufundisha kuwaita ndugu waliotengana nasi. Mwaka 1977 wakubwa wa Katolika, wa Protestanti na wa Kimbanguisti walitia sahihi mapatano ya namna moja na serikali juu ya kuongoza shule.

Tutaje jambo moja la mwisho. Miaka 50 nyuma ya Lontulu, padri mmoja wa Moyo Mtakatifu, Edmond Boelaert, alikuwa akiishi Bamanya, karibu na Coquilhatville, yaani Mbandaka ya leo. Pamoja na Padri Gustaaf Hulstaert alikuwa ameanzisha gazeti la Aequatoria mwaka 1937. Karibu na mwaka 1953 aliwaomba Wamongo wanaojua kuandika wamwandikie, kwa lugha yao wenyewe, yale waliyoyasikia kwa wazazi wao juu ya kufika kwa wazungu. Zilikuja karatasi kutoka vijiji vingi, zaidi ya 100. Ndani yake mna majina ya mito, majina ya makapita, majina ya utani ya wazungu, na hesabu ya waliokufa, kijiji kwa kijiji. Padri Boelaert alifariki mwaka 1966. Karatasi zile zilipigwa chapa mwaka 1995 na 1996, na mseminari anayetaka kuandika juu ya jambo hili aanze na hizo.